Siku Kigitaa Kilipoitwa Chombo

Mwaka wa Uhuru, sitini na moja, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndio mwaka dhiki ilipoingia kwetu ikavua viatu ikakaa. Mtaa mzima wa Temeke unacheza ngoma barabarani, sie tuko msibani. Baba yangu, Mmwera wa Lindi aliyekuja mjini kutafuta, alikuwa amekufa kwa homa. Watu waliokuja kutupa pole walipitia kwanza kwenye sherehe, wakaingia ndani wananukia pilau. Wakati ule sikuwalaumu. Sasa nawalaumu.

Nikatolewa shule darasa la tatu. Nasema mapema ili msije mkatafuta elimu humu. Kusoma kwingine nilijisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, ndiyo maana habari nyingi nazijua katikati tu, mwanzo na mwisho vilikuwa na mafuta.

Nyie vijana wa bendi mliponiaga mwaka huu mliniambia, "Babu, tuandikie kazi ilivyokuwaga." Sawa. Mishahara sitaitaja, haikuwa ya kutajwa. Vyeo sikupewa. Nitawaandikia habari ya gitaa dogo, lile la kubeba safarini, maana ndilo lililonilisha, na ndilo lililonitia hasira ambayo mpaka leo nikikohoa inatoka nayo.

Mjomba alituchukua kwake Tandale, nikabeba nazi na viazi sokoni mpaka ndevu zikaanza kuota. Siku moja nikapewa mzigo wa mbao niupeleke Temeke kwa fundi mmoja, Mzee Chilumba. Huyu alikuwa Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago aliyeona vinyago havimlipi, akageukia vitanda. Nikashusha mbao, nikasimama namtazama anavyopiga randa. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Unajua kushika randa?"

"Sijui, mzee."

"Vizuri. Wanaojua wananiharibia mbao. Njoo kesho."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi ya kweli. Kesho yake nilikwenda, na randa sikupewa. Nilipewa ufagio. Nikafagia maranda mpaka nikajua kunusa: mninga una harufu yake, mkongo una yake, na mbao mbichi inanuka uongo, inajidai imekauka kumbe itapinda.

Sasa Mzee Chilumba alikuwa na ubahili mmoja mtukufu. Vipande vilivyobaki kwenye vitanda hakuvitupa. Vilikuwa vifupi, havifai kiti wala meza, basi akawa anatengenezea magitaa. Na kwa kuwa vipande vilikuwa vifupi, magitaa yakawa mafupi. Mtu asije akawaambia kuna siri nyingine. Shingo ilikuwa ubavu wa kitanda uliozidi, sanduku lilikuwa mbao za kichwani zilizopasuliwa nyembamba mpaka mwanga unapita, na pale vidole vinapokanyaga aliweka mpingo uliobaki kwenye vinyago vyake vya zamani. Gundi ya kuchemsha. Msumari hakuna hata mmoja.

Nikamwuliza, "Mzee, hivi vigitaa unamwuzia nani?"

Akaweka patasi chini. "Vi nini?"

"Vigitaa."

"Wewe nikikuita kijitu utaitika?"

"Siitiki, mzee."

"Basi na lenyewe haliitiki. Ukilipa hilo jina umeshalidharau, na wewe ndiye wa kwanza kulipiga ovyo. Ni gitaa. Limekatwa fupi, basi."

Neno hilo liliniingia. Nyie mnaona ni herufi mbili tu mbele ya jina, lakini mtu aliyekulia kubeba mizigo anazijua herufi hizo. Kijitu. Kitoto cha watu. Kijumba chenu kile. Nimeitwa zote.

Alinifundisha kupiga pia, maana alisema fundi asiyepiga ni sawa na mpishi asiyekula. Ya kwanza alisema, gitaa fupi lina nyuzi fupi, na uzi mfupi ukiutuni sawa na wa gitaa kubwa unalegea, unaanza kulia kama mbu kwenye chandarua. Ama uweke uzi mnene kidogo, ama ulikaze juu zaidi, uimbe kwa sauti ya juu, na mwimbaji akufuate wewe. Ya pili, usilipige kama unatwanga. Lina kifua kidogo, likipigwa kwa nguvu linakohoa. Kidole gumba kitembee polepole kwenye nyuzi za chini, vingine viwili vidonoe juu kama kuku anavyodonoa mchele, bila haraka na bila kukosa. Ya tatu, nafasi za shingoni ni finyu, vidole vyako vitagombana. Vifundishe kusimama kwa ncha.

Nyuzi za dukani hazikuwepo, au zilikuwepo kwa wenye ndugu melini. Sie tulikuwa tunafumua waya wa breki ya baiskeli. Ule waya umesukwa, ukiufumua unapata nyuzi nyembamba ngumu. Nyuzi nene tulizungushia shaba iliyotoka kwenye mota iliyoungua. Ulikuwa unapiga nyimbo tatu vidole vinatoka damu, ya nne unasahau.

Gitaa langu nililitengeneza mwenyewe, mzee akiwa juu ya kichwa changu anasema "legeza mkono" na "nani kakwambia hapo". Uso wa mkongo, mgongo wa mninga. Lilikuwa linaingia kwapani kama mkate. Siku nilipolitia nyuzi, mzee alilipiga kidogo, akalirudisha, akaendelea na kitanda chake. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Lilipokuja Azimio, viwanda vikawa vya umma, na kila shirika likataka liwe na bendi kama lilivyotaka timu ya mpira. Kulikuwa na kiwanda kimoja cha misumari upande wa Pugu Road. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Kilinunua vyombo vipya vya umeme, kikatafuta wapigaji. Nikaenda. Kwenye karatasi mie ni mfanyakazi wa mtambo wa misumari. Asubuhi unasikia chuma kinakatwa mpaka meno yanauma, alasiri unakwenda mazoezini ukapige muziki mtamu. Masikio yangu yameshindwa kuamua mpaka leo.

Kiongozi wa bendi alikuwa Shomari, Mzaramo wa hapa hapa mjini, mpiga solo. Alikuwa fundi, nampa haki yake, vidole vyake vilikuwa vinateleza kama vimepakwa samli. Lakini kinywa chake kilikuwa hakina mlango. Siku ya kwanza aliniona nimeingia na gitaa langu, akawaambia wenzake, "Jamani, huyu kaja na mtoto, mama yake yuko wapi?" Wakacheka. Kuanzia hapo likaitwa kigitaa. Nikisema ni gitaa, anasema, "Kigitaa, yakhe, usilipandishe cheo. Hapa vyombo ni hivi vyenye waya."

Nikapewa ridhimu ya umeme, gitaa la shirika, linarudishwa stoo kila jioni. Upige hata ufie jukwaani, chombo si chako. Hili nyie hamlijui, mnatembea na magitaa yenu mgongoni kama vibuyu. Sie tulikuwa na vidole tu. Mpigaji akitaka kuhama bendi alikuwa anatoka getini na mikono yake, kama kibarua aliyeacha koleo. Ndiyo maana walituchezea walivyotaka. Mie peke yangu pale nilikuwa na kitu cha kwangu, na kila jioni nilitoka nacho kwapani, na askari wa getini, Athumani, alikuwa ananiambia, "Msalimie mtoto."

Tukasafirishwa kwenda kupiga kwenye kijiji kipya cha ujamaa, huko Kisarawe ndani. Tulipanda lori, vyombo vimefungwa turubai, mie na gitaa langu juu ya magunia. Tukafika alasiri, watu wamekusanyika, jukwaa la mbao, wakubwa wamekaa kwenye viti. Jenereta likawashwa, likapiga chafya, likafa. Likavutwa kamba, likafa tena. Shomari kasimama na solo lake, limeng'aa, halitoi hata mlio wa nzi.

Mama mmoja mbele akauliza kwa sauti, "Mbona hilo kubwa halisemi?"

Mwenzake akamjibu, "Labda linataka chai."

Nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa, nikachukua gitaa langu, nikaanza taratibu kule juu linakopenda. Wale mama ndio walioingia kwanza kwa kibwagizo, mpiga tumba wetu akashika ndoo. Tulicheza mpaka jua limeinama. Gitaa fupi halisikiki mbali, ni kweli, basi watu wakasogea. Wakawa karibu kiasi cha kunusa jasho langu. Wakubwa nao wakaacha viti vyao wakaja kusimama na wenzao, jambo ambalo hotuba zao zilikuwa zinalisema siku zote na hazijawahi kulifanya.

Tukarudi na lori lile lile, Shomari kando yangu juu ya magunia. Tulipofika Gongo la Mboto ndipo akasema, akiangalia barabara, "Bahati yako jenereta."

Mie nikasema, "Bahati yetu gitaa."

"Kigitaa," akasema.

Habari ile ilitangulia kufika mjini kuliko lori letu, kama habari zote. Haukupita muda bendi moja ya Kinondoni ikanitumia mtu. Walikuwa wanapiga kwenye baa ya uani isiyo na umeme wa kutegemea. Ujumbe ulikuwa mfupi: njoo, na uje na gitaa lako dogo. Nilikwenda kuwaona, tukakubaliana. Nikaandika kuacha kazi kiwandani, nikamaliza muda wao wa notisi, nikafundisha mtu wa kushika ridhimu yangu. Siku ya mwisho nikaaga mtambo, nikaaga wenzangu, nikaweka gitaa kwapani, nikaenda getini.

Athumani akanyoosha mkono. "Ndugu, hicho nini?"

"Unakijua. Kila siku natoka nacho."

"Kila siku ulikuwa unarudi nacho. Leo nimeambiwa vyombo havitoki."

"Chombo kipi? Si ndicho mnachokiita mtoto?"

"Mie askari, Ndugu. Sikuajiriwa kutoa majina."

Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu, watu wakajaa. Akaja Bwana Utumishi, kijana mwenye suti ya kaunda, na nyuma yake Shomari. Nikajua nani kapeleka maneno. Bwana Utumishi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni, na hao wanachosha zaidi. Akasema kwa upole:

"Ndugu Hamisi, gitaa hili limepigwa na bendi?"

"Limepigwa."

"Kwenye safari ya shirika?"

"Jenereta la shirika lilipokufa, ndiyo."

Watu wakaguna. Mama wa kantini akasema, "Hata sufuria zangu ni vyombo, mbona naondoka nazo? Mnataka na mwiko?" Wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Bwana Utumishi akainua mkono. "Kanuni inasema chombo cha muziki kinachotumiwa na bendi ni mali ya shirika. Vitu vya mtu binafsi vya kuchezea havihusiki. Kiongozi wa bendi, wewe ndiye mtaalamu. Hiki ni chombo?"

Shomari akalitazama gitaa langu kama ndiyo kwanza analiona.

"Ni chombo," akasema. "Tena chombo safi."

Miaka yote ile nilikuwa nalingoja neno hilo kutoka kinywa kile. Angelisema Kisarawe, kwenye lori, popote, ningemnunulia soda na kumsahau. Alilificha chini ya ulimi, akalitunza, akalitoa siku ya kunipora. Nimeibiwa mara nyingi katika maisha haya, saa, viatu, hata mlango niliwahi kuibiwa. Sijawahi kuibiwa kwa sifa isipokuwa siku ile.

Bwana Utumishi akanigeukia. Nadhani alitaka kuniokoa. Alisema polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake tundu kwenye ua: "Na wewe mwenyewe, Ndugu Hamisi? Mwenye mali husikilizwa. Ukiniambia ni kigitaa tu, kitu cha kuchezea nyumbani, mie nitamwambia askari afungue."

Nyuma yangu watu wananong'ona, "Sema, bwana. Sema kigitaa uende zako." Mama wa kantini akanifinya mkono. Kinondoni walikuwa wananisubiri. Neno moja tu, herufi mbili mbele ya jina.

Nikasema, "Ni chombo. Ni gitaa. Nimelitengeneza kwa mikono yangu Temeke, kwa mbao za vitanda, shirika halikutoa hata gundi. Chombo, na changu."

"Basi umesema mwenyewe," akasema Bwana Utumishi, na uso ukamshuka, maana sasa ilimbidi.

Niliomba jambo moja. Nilikaa chini pale getini nikageuza funguo, nikalegeza nyuzi zote mpaka zikawa kama kamba za kuanikia. Athumani akasema, "Ndugu, unaharibu mali ya umma." Nikamwambia gitaa likiachwa limekazwa bila mpigaji linapinda shingo, na kibao cha chini kinachoshika nyuzi kinang'oka. Hili lishikeni na nyie: ukijua hutalipiga muda mrefu, legeza. Nikampa Athumani mkononi. Shomari sikumpa.

Kinondoni nilifika mikono mitupu. Kiongozi wao akaniuliza, "Lile dogo liko wapi?" Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana. Lakini kaka, wapiga ridhimu tunao. Tulilokuwa hatuna ni lile." Wala hakuniambia nikae.

Nikarudi kwa Mzee Chilumba, nikamsimulia yote, nikitegemea atanishika bega. Ndiye aliyenifundisha neno lile. Aliendelea kupiga msasa.

"Ungesema kigitaa ungekuwa nalo," akasema.

"Mzee, si wewe uliyeniambia?"

"Nilikwambia usiliite hivyo ukiwa unalipiga. Getini ulikuwa unalipiga? Mie mwenyewe Wazungu wakija nawaambia ni vigitaa, vidogo vidogo, vya zawadi, wanachukua haraka na hawaombi kupunguziwa."

Nilimkasirikia siku nyingi. Nilifanya naye kazi mezani pamoja, nampa shikamoo asubuhi na kwaheri jioni, basi. Nimefikiri sana kama alikuwa sahihi. Mtu wa maana angesema kigitaa, angekula Kinondoni. Mie nasema hapana. Mpaka leo nasema hapana, na mke wangu mpaka leo anasema mzee alikuwa sahihi.

Nikatengeneza jingine, na baada ya hilo mengine. Hakuna lililotoka na sauti ile. Mbao haijirudii. Nikapiga kwenye bendi nilizozikuta, nikahama bila kuomba ruhusa ya geti, na nikawa natengeneza na kukarabati ya wenzangu mpaka mwaka huu mkono wa kushoto ulipoanza kutetemeka. Lile la kiwandani nilisikia habari zake kwa mama wa kantini. Lilitundikwa stoo. Hakuna aliyelipiga, maana hawakuwa na mtu anayeweza kudonoa vile, na Shomari hakulitia mkono hata mara moja. Hawakulihitaji. Walitaka tu lisiwe langu. Hilo ndilo ninalowaandikia, vijana. Kuna mtu anaiba kwa sababu ana njaa, huyo namwelewa. Kuna anayeiba ili wewe usiwe nacho, na huyo siku hizi pia yupo, msimtafute mbali.

Mmoja wenu juzi kaja kuniuliza anunue lipi la kusafiria. Nilimjibu kwa ukali, sasa nakujibu vizuri. Usinunue kwa macho. Mng'aro ni vanishi na vanishi haiimbi. Ligonge mgongoni kwa kidole, likijibu kama boksi la viatu liache. Tazama shingo kutoka mwisho, kama unavyotazama mbao, jicho moja limefumbwa. Kanyaga kila nafasi, uzi mmoja mmoja, usikilize wapi linazomea. Linganisha sauti ya uzi mtupu na ya katikati ya shingo, zikigombana hapo dukani zitagombana na kwako. Likumbatie kidogo ukiwa umekaa vibaya, kwenye ndoo, kwenye gunia, maana huko ndiko utakakolipiga, si kwenye kiti cha duka. Na ukishalipata, usikubali bendi yoyote ikwambie liache hapa hapa, litakuwa salama.

Sasa mlisema niseme nina nini baada ya kazi yote hiyo. Ninayo nyumba Gongo la Mboto, vyumba vinne, bati jipya upande mmoja. Kiwanja Madale, kina mteremko, hakijajengwa. Randa mbili na patasi za Mzee Chilumba, alizoniachia alipokufa. Meza ya kazi. Baiskeli isiyo na breki. Mke mmoja, watoto watano, wote wamesoma kunizidi. Magitaa madogo matatu, mawili yanapigika. Lile la kwanza halimo.